Kwaya ya sol-fa imekutana na orkestra: tuna "do" tatu katika chumba kimoja

Maestro wa Katuba (Lubumbashi) anauliza:

Ndugu wapenzi wa kwaya, nawasalimu nyote huko mliko. Ninaongoza kwaya ya mtaa hapa Katuba yenye waimbaji 46, na karibu wote wana kazi zao nyingine: wapo washonaji, walimu, mama wawili wanaouza makaa, wanafunzi kadhaa, na mstaafu mmoja wa reli ambaye hushikilia sauti ya besi peke yake siku wenzake wanapochelewa. Hakuna anayelipwa, nami mwenyewe silipwi. Tangu tuanze tumekuwa tukiimba bila ala, au kwa kinanda cha umeme siku ambazo umeme umetukumbuka.

Mwaka huu vijana 9 wanaojifunza muziki wamekuja kutuomba tuungane ili Noeli tuimbe na orkestra ndogo. Wana violini 4, chelo 1, filimbi 1, klarineti 1, tarumbeta 1 na tromboni 1. Tulifurahi sana, tukapanga mazoezi ya pamoja siku ya Jumamosi. Karatasi zetu, kama za kwaya nyingi za huku, zimeandikwa kwa herufi za sol-fa, na juu ya wimbo wa kwanza imeandikwa "Do = Sol". Nilipowaambia wote waanzie kwenye do, waimbaji walianzia kwenye sol, kama walivyozoea. Violini, chelo, filimbi na tromboni zikapiga do yao, ile ya kinanda. Tarumbeta na klarineti zikapiga do ambayo kwa kinanda ni si bemoli, yaani si iliyoshushwa nusu toni. Chumba kizima kilicheka, isipokuwa mimi.

Naomba ushauri wenu. Je, niwafundishe waimbaji wote kusoma mistari mitano, yaani noti za muziki, katika miezi michache iliyobaki, au niwafundishe wapigaji kusoma herufi? Wimbo wenyewe niuweke katika toni gani, yaani nyumbani kwake kuwe noti ipi, ili asiumie mtu? Pia mwenye tarumbeta ni kijana mwenye bidii sana, na bidii yake inafunika kwaya nzima. Sitaki kumvunja moyo.

Mwalimu wa Solfeji (Likasi) anajibu:

Maestro, pole, lakini nakuhakikishia kwamba siku ile hakuna aliyekosea. Kila mmoja alipiga do aliyofundishwa, na hapo ndipo penye fundo la kufungua kabla ya kufikiria kitu kingine chochote.

Sol-fa ya herufi ilienezwa Uingereza katika karne ya 19 na mchungaji John Curwen, ambaye alijenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover, kwa shabaha ya kuwawezesha watu wa kawaida wa makanisani kuimba sauti nne bila kupitia shule ya muziki. Katika mfumo huo do inahama: popote wimbo unapokaa, nyumbani kwake huitwa do, na ndiyo maana karatasi husema "Do = Sol" au "Do = Fa". Solfeji ya Kifaransa, ambayo ndiyo waliyojifunza vijana wako, ina do isiyohama. Do kwao ni noti moja tu ya kinanda, wimbo uwe wapi usiwe wapi. Hata noti ya saba ina majina mawili, kwani wenye herufi wanasema "ti" ili s ibaki ya sol peke yake, na wenye mistari wanasema "si". Ukisikia watu wawili wakibishana kama noti ni ti au si, usiamue ugomvi, kwa sababu huenda hata hawaongelei noti ileile.

Tarumbeta na klarineti zina habari ya tatu. Zile zinazopatikana kwa wingi zimetengenezwa katika Si bemoli, maana yake mpigaji akisoma do, masikio yanasikia si bemoli, toni moja nzima chini ya alichokisoma. Ukitaka tarumbeta itoe do ya kinanda, sharti umwandikie re. Tromboni haina usumbufu huo ikiandikwa kwa ufunguo wa Fa, ule wa sauti za chini, kwa sababu huandikwa kama inavyosikika, na filimbi pia iko hivyo.

Kuhusu swali lako la kwanza, usiwafundishe watu 46 mfumo mpya kwa ajili ya watu 9, wala usiwalazimishe hao 9 kuacha walichosomea. Mwimbaji anayesoma herufi anajua jambo ambalo wengi wa mistari mitano hulikosa: anajua kila noti iko umbali gani kutoka nyumbani, na ndiyo sababu anaweza kuimba wimbo uleule katika toni yoyote bila kubadilisha karatasi. Huo ni utajiri, msiupoteze. Anayepaswa kujua lugha zote mbili ni wewe, pamoja na mtu mwingine mmoja wa kukusaidia siku unapougua. Hamisha wimbo kutoka herufi kwenda mistari mara moja tu, kwa makini, hasa pale penye "fe" (fa iliyopandishwa) na "ta" (ti iliyoshushwa), kwa sababu hapo ndipo wimbo unapohama nyumba na ndipo wanakili wengi wanapoteleza. Kama kuna mwenye kompyuta, programu ya MuseScore haina malipo. Ukishaandika sauti zote kama zinavyosikika, yenyewe itatoa karatasi ya tarumbeta na ya klarineti ikiwa imekwisha kupandishwa toni moja.

Na katika mazoezi, piga marufuku neno "do" mdomoni mwako. Waambie "tuanze kipimo cha tisa", kipimo kikiwa kile kipande cha wimbo kati ya mistari miwili ya wima. Andika namba za vipimo kwenye karatasi zote, za herufi na za mistari, namba zilezile. Nakuambia hili kwa sababu nilichelewa miaka miwili kulitambua, na katika miaka hiyo niliwagombeza watu wasio na hatia.

Mama Alto (mtaa wa Kenya, Lubumbashi) anajibu:

Papa Maestro, nami naomba kusema kwa upande wa wanaoimba, maana mara nyingi majibu ya namna hii huandikwa na viongozi peke yao. Kwaya yetu iliungana na wapigaji miaka kadhaa iliyopita, na mambo yaliyotuumiza hayakuwa katika karatasi.

La kwanza, sisi tuliozoea kuimba bila ala huwa tunateremka polepole bila kujua. Tukianza wimbo wa beti tano katika Sol, ubeti wa tano unaweza kutukuta karibu na Fa diezi, yaani fa iliyopandishwa nusu toni, na kwa kuwa tunateremka wote pamoja, hakuna anayelalamika. Ala haziteremki nasi. Siku ya kwanza tuliwalaumu wapigaji kwamba wamepandisha wimbo, kumbe sisi ndio tulikuwa tumeshuka ngazi. Dawa yake ilikuwa mazoezi ya sauti tupu, ambapo kiongozi alitusimamisha mwisho wa kila ubeti na kutupa noti kwa diapazoni (uma wa chuma wa kutolea noti) ili tujisikie wenyewe tumeanguka kiasi gani. Ilikuwa aibu kidogo, lakini baada ya majuma matatu tulibadilika.

La pili, msikutane na orkestra kila mara. Sisi tulikuwa na mazoezi mawili kwa juma, na pamoja na wapigaji mara moja tu katika majuma mawili. Violini zikitafuta vidole vyake kwa nusu saa huku watu 40 wamesimama, wenye watoto nyumbani wataanza kutazama mlango, na Jumamosi inayofuata hutawaona.

Na kuhusu kijana wa tarumbeta, mama zake tuko wengi humo ndani, mwache tumtunze. Shida si yeye, ni bati. Chumba chenye kuta za matofali na paa la bati bila dari hurudisha sauti ya shaba kama mvua ya mawe.

Maestro wa Katuba:

Nawashukuru sana. Mama, ni kweli tuko chini ya bati, na ni kweli pia kwamba tunateremka. Nilipima jana kwa kinanda na nilinyamaza kwa muda.

Nimebaki na maswali mawili. Mwenye violini ya kwanza anapenda Sol au Re, mwenye tarumbeta anapenda Fa au Si bemoli, na kila mmoja ananiambia kwamba toni ya mwenzake "haitoki vizuri". Je, ni kiburi tu, au kuna sababu? Tena wanakwaya wanataka sana ile Haleluya ya Handel, nami naogopa kukataa.

Tromboni wa Kolwezi anajibu:

Maestro, kuna sababu, na iko katika mikono yao. Nyuzi nne za violini zikiachwa wazi ni sol, re, la na mi, hivyo nyimbo zilizo katika Sol, Re au La hukutana na nyuzi zinazolia zenyewe, na mwanafunzi anasikia mara moja akipotea. Ala za shaba zimezaliwa upande wa bemoli. Ukiweka wimbo katika Sol, mwenye tarumbeta ya Si bemoli anasoma La yenye diezi tatu, na ukiuweka katika Re anasoma Mi yenye diezi nne, ambayo kwa mtu wa mwaka wa pili ni adhabu. Ukiuweka katika Fa, yeye anasoma Sol yenye diezi moja tu, na violini wanapata bemoli moja ambayo hata mwanafunzi anaimudu. Kwa kikundi kama chako mimi ningechagua Fa, na wimbo wako wa "Do = Sol" ungegeuka kuwa "Do = Fa" bila waimbaji kubadilisha herufi hata moja. Soprano watashukuru. Tazama besi peke yao: kama wimbo unawateremsha hadi do ya chini, hiyo ilikuwa sol na sasa itakuwa fa, na si kila besi anayo. Mstaafu wako wa reli pengine anayo. Kwa wengine, andika noti hiyo mara mbili, ya chini na ya juu yake, kila mtu achukue anayoiweza, na tromboni ishike ile ya chini.

Hiyo Haleluya iko katika Re, nayo ina historia yake. Handel aliiandika kwa tarumbeta za zama zake, ambazo hazikuwa na vali (vitufe vya kubadilishia noti) na zilitengenezwa katika Re hasa, hivyo kwa wapigaji wa Dublin walioipiga mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 1742, Re ilikuwa nyumbani. Kijana wako ana ala nyingine kabisa. Msiiteremshe hadi Do ili kumsaidia, kwa maana violini watapoteza ule mwanga wa nyuzi wazi za re na la, na sauti ya alto itashuka chini mno. Ama mwandikie tarumbeta noti chache zilizo salama, ama iacheni hadi Pasaka. Kumbukeni pia kwamba kazi yenyewe, Messiah ambamo Haleluya imo, ilisikika mara ya kwanza siku zinazokaribia Pasaka, kwa hiyo mtakuwa na udhuru wa heshima kabisa.

Kuhusu ukubwa wa sauti: katika fanfare (bendi ya ala za shaba) niliyolelewa tulifundishwa kupiga tukiwa tunatembea barabarani, na kupiga kwa nguvu kulikuwa ndiyo adabu. Kijana aliyetoka huko hajakosea, ila amehamia nyumba yenye desturi nyingine. Msimwambie apunguze bila kumwonyesha namna. Mwekeni pembeni, mdomo wa ala ukielekea ukutani kwenye pazia au nguo nene, kamwe usielekee watu. Violini zikae mbele karibu na kiongozi, chelo katikati, kwaya isimame nyuma juu ya mabenchi ili sauti ipite juu ya vichwa. Kisha punguzeni kazi: tarumbeta na tromboni zipige utangulizi, zipumzike maneno yanapoimbwa, zirudi katikati ya beti na mwishoni. Orkestra ambayo kila ala inapiga kila wakati haisikiki kubwa zaidi, inasikika kama soko.

Jambo dogo la mwisho. Msipatane noti ya la ya kuwekea ala sawa kabla ya kuzipasha moto. Asubuhi ya Juni au Julai huku Katanga baridi ni kali, na ala ya kupuliza ikiwa baridi hukaa chini, kisha hupanda kadiri pumzi inavyoipasha. Nyuzi hufanya kinyume, joto likiongezeka hulegea na kushuka. Mkipatana mara tu mnapoingia, baada ya dakika 20 mtakuwa mmeachana pande mbili. Noeli yenu itakuwa katika majira ya mvua, baridi haitawasumbua hivyo, lakini chumba chenye watu 300 kina joto lake. Wekeni sawa tena kabla ya wimbo wa tatu, bila aibu.

Mzee wa Kamalondo anajibu:

Nimesoma yote, na ninayaheshimu. Lakini niruhusuni niulize swali ambalo hakuna aliyeliuliza: violini ni za nini?

Joseph Kiwele, mtunzi na mpiga ogani wa mji huu wa Lubumbashi ulipokuwa bado unaitwa Elisabethville, aliijua mistari mitano kuliko sisi sote humu, na alipotunga misa yake ya Katanga hakuona haya kuikaribisha midundo ya nyumbani. Kule Kamina, padri Guido Haazen alikuwa na kundi la wavulana na walimu wao walioimba Missa Luba, misa ya Kilatini kwa mtindo wa Kikongo, wakaipeleka Ulaya mwaka 1958, kwa sauti na ala za kugonga peke yake. Sehemu kubwa yake haikuanzia kwenye karatasi, waimbaji waliijenga kwa kuimba juu ya tuni walizozijua tangu utotoni. Hakukuwa na violini hata moja, na dunia ilisikiliza.

Sisemi vijana wafukuzwe. Nasema kwamba nimeona kwaya nzuri zikipoteza mwaka mzima zikijaribu kuwa orkestra mbaya. Ngoma mbili na kayamba hazina bemoli wala diezi, haziulizi do ni ipi.

Mwalimu wa Solfeji:

Mzee, shikamoo. Ngoma haina bemoli, ni kweli, lakini ina sauti yake, na mpigaji mzuri huipasha moto juani au karibu na makaa ili ngozi ikaze hadi akubaliane na waimbaji. Kwa hiyo nayo inauliza do ni ipi, ila kwa adabu zaidi. Na Kiwele uliyemtaja alikuwa mpiga ogani. Hakuchagua upande mmoja.

Mwanaviolini wa Bukavu anajibu:

Nakubaliana na Mzee kwa sehemu, lakini vijana wanaopenda violini wapo, na wakikataliwa, kwaya zitapoteza ala na waimbaji wa kesho pamoja. Kumbukeni kule Kinshasa orkestra ya Wakimbangu (waumini wa kanisa la Simon Kimbangu) iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda. Walianza na violini chache ambazo watu walizipokezana kwa zamu, na uzi ukikatika waliweka waya wa breki ya baiskeli. Sauti yake nadhani haikuwa tamu, lakini watu walijifunza.

Mimi naandika kuhusu utunzaji, kwa kuwa huo ndio unaoua vikundi vyetu. Sisi wa kandokando ya Ziwa Kivu tunasumbuliwa na unyevu. Ninyi wa Lubumbashi mna kiangazi kirefu, takriban kuanzia Mei hadi Oktoba, hewa inapokauka kabisa. Mbao hunywea, vigingi huteleza, na maungio yaliyoshikwa kwa gundi hufunguka yenyewe usiku. Wekeni ndani ya sanduku la violini kisahani cha sabuni kilichotobolewa matundu, chenye kipande cha sponji kilicholoweshwa na kukamuliwa vizuri. Kigingi kinachoteleza kipakwe chaki, na kinachokwama kipakwe sabuni kavu kidogo. Upinde ulegezwe kila baada ya kupiga. Na sanduku lisilale katika chumba chenye mbabula, yaani jiko la makaa. Nimeona mgongo wa chelo ukipasuka kwa sababu ya makaa ya kupikia bukari (ugali).

Nyuzi ndizo gharama isiyokwisha. Sisi tulifanya likelemba ya kwaya: wanachama wote wanachanga kila mwezi, na zamu inapofika haimwendei mtu, inaiendea ala. Mwezi huu seti ya nyuzi za violini, mwezi ujao kolofani (utomvu wa kupaka upinde) na mafuta ya vali. Ala yenyewe ni mali ya kikundi, iandikwe kwenye daftari pamoja na jina la anayeitunza na sahihi yake. Tuliwahi kumwachia mwenzetu klarineti bila daftari, akahama mji, na hadi leo tunaambiwa bado anafanya mazoezi.

Maestro wa Katuba:

Nawashukuru wote, na ninaomba radhi kwa kukaa kimya majuma matatu. Nilikuwa nanakili karatasi.

Nimewabakizia waimbaji herufi zao. Nyimbo mbili tumeziteremsha kutoka Sol hadi Fa, namba za vipimo zimeandikwa kila mahali, na sijataja do tangu tarehe ile, ingawa ulimi huniwasha. Mstaafu wa reli anayo ile fa ya chini. Aliitoa mara ya kwanza bila kuonywa, na soprano wote waligeuka kutazama. Haleluya imeahirishwa hadi Pasaka. Kulikuwa na manung'uniko, lakini udhuru wa Dublin umefanya kazi yake. Tarumbeta iko pembeni, inaelekea pazia alilolishona Mama mmoja wa alto, na kijana mwenyewe ameniambia kwamba sasa anasikia maneno ya nyimbo kwa mara ya kwanza.

Mzee wa Kamalondo, wimbo wa tatu tumeutoa orkestrani kabisa, unaimbwa kwa ngoma mbili. Tunahitaji mtu wa kutuonyesha namna ya kuzipasha moto, kwani vijana wangu walizisogeza karibu mno na makaa na moja imeanza kunuka. Tunafanya mazoezi Jumamosi saa tisa alasiri, nasi tutakutumia nauli.

Mzee wa Kamalondo:

Nauli acheni. Nitakuja. Hiyo inayonuka iondoeni kwenye makaa na juani tangu leo, na msiipake maji.